Jeki Si Nguzo, Wala Kifua cha Mtu Si Meza

Naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili niseme neno juu ya kazi ambayo twaiona kila siku kando ya barabara bila kuifikiri, yaani kazi ya kuteremsha giaboksi ya motokaa ya otomatiki na kuirudisha mahali pake. Najua wako watakaouliza, gazeti la shule lina shauri gani na giaboksi? Jibu langu ni hili. Kila mwaka baadhi ya vijana wanaomaliza Kidato cha Nne huingia moja kwa moja katika gereji kuwa wanagenzi. Na wengi wa wanafunzi wa zamani leo wana motokaa zao, nao ndio wanaoilipia kazi hiyo. Yule anayelala chini ya gari, na yule anayesimama kando akitazama saa yake, wote wawili ni wasomaji wa gazeti hili.

Maoni yangu nayasema wazi tangu mwanzo. Hatuna haki ya kumlaza kijana chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala kumteremshia giaboksi kifuani kana kwamba kifua chake ni meza. Na tena nasema kwamba katika kazi hii usalama wa mtu na uzima wa chombo ni jambo moja. Haraka ile ile inayomvunja mtu mbavu ndiyo inayoivunja pampu ya giaboksi. Kwa hiyo mwenye gari asidhani kwamba akimhimiza fundi anaokoa fedha zake.

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Katika gari la gia za mkono dereva hukanyaga klachi ili kuitenga injini na gia. Otomatiki haina kanyagio hilo. Mahali pa klachi pana chombo cha mviringo, mfano wa chungu kilichofunikwa, kilichojaa mafuta, ambacho mafundi hukiita konvata. Ndani yake mna magurudumu yenye mapanga kama ya feni. Moja huzungushwa na injini na kuyasukuma mafuta, nayo mafuta hulisukuma la pili, ambalo huzungusha gia. Katikati lipo la tatu, dogo, linaloyageuza mafuta ili gari lipate nguvu zaidi linapoanza kwenda. Aliyebuni chombo hiki ni Hermann Föttinger, mhandisi Mjerumani, mwaka 1905, na nia yake ilikuwa meli, si motokaa. Baadaye General Motors ya Marekani ilitia giaboksi ya otomatiki iitwayo Hydra-Matic katika Oldsmobile za mwaka 1940, na mwaka 1948 Buick zikapata giaboksi yenye konvata.

Hapa kwetu Uganda motokaa ndogo nyingi huja kutoka Japan zikiwa zimekwisha kutumika, nazo nyingi ni otomatiki. Tangu mwaka 2018 sheria imekataza kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 15, lakini gari la miaka 12 laingia, kisha laendelea kutumika miaka mingi katika vumbi na matope yetu. Basi si ajabu giaboksi zachoka, na si ajabu kazi ya kuziteremsha imekuwa mkate wa kila siku wa mafundi wa Ndeeba, Katwe na kwingineko.

Lakini kabla ya kushika spana, fundi hana budi kuuliza kama giaboksi yataka kuteremshwa kweli. Mara nyingi gari hukataa kubadili gia kwa sababu mafuta yamepungua, au waya umekatika, au swichi ndogo ya umeme imeharibika. Kompyuta ya gari huandika hitilafu hizo, na kifaa cha kuisomea kiko katika gereji nyingi siku hizi. Hatari iliyo ndogo kuliko zote ni ile ya kazi ambayo haikuhitajiwa kufanywa. Fundi anayekimbilia kuteremsha giaboksi kabla ya kupima mafuta ni sawa na mganga anayepasua tumbo kabla ya kuuliza mgonjwa amekula nini.

Haya, tuseme imethibitika kwamba lazima ishuke. Nichukue mfano wa Toyota Premio, gari lisilokosekana katika barabara za Kampala. Gari hilo lina uzito uzidio kilo 1,100, nalo huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo injini na giaboksi zimekaa pamoja chini ya boneti, ubavu kwa ubavu.

Kwanza gari lisimame juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Udongo ulio mkavu asubuhi huwa tope mvua inyeshapo mchana, na mguu wa jeki huzama. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo, mbele na nyuma, na breki ya mkono ivutwe. Kisha waya hasi wa betri ufunguliwe kabla ya kitu kingine cho chote. Waya mnene uendao kwenye stata una nguvu nyingi. Spana ikiugusa huku imegusa chuma cha gari, cheche zake zaweza kuchoma mkono au kuwasha moto.

Baadaye gari liinuliwe kwa jeki, na papo hapo lishushwe juu ya stendi mbili imara za chuma, zilizowekwa mahali panapoonyeshwa na kitabu cha gari. Hapo kazi ya jeki imekwisha. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Nyingi husimama kwa nguvu ya mafuta yaliyozuiwa na sili ndogo ya mpira, na sili hiyo ikipasuka haitoi taarifa. Wala matofali si stendi. Tofali la saruji laweza kubeba mzigo kwa saa nzima, kisha likapasuka mara moja. Kabla ya mtu kuingia chini, gari lisukumwe kwa mkono kwa nguvu. Kama litaanguka, heri lianguke sasa, hali watu wote wamesimama nje. Na magurudumu ya mbele yakiisha kufunguliwa, yalazwe chini ya ubavu wa gari yawe kinga ya pili. Hayagharimu hata shilingi moja.

Gari lililotoka safari lipewe muda lipoe. Mafuta ya giaboksi yaliyofanya kazi hupata moto wa digrii 80 na zaidi, na bomba la moshi huwa moto kuliko hayo. Mtu wa chini avae miwani, maana kutu na mchanga huanguka usoni. Mafuta yamwagwe katika karai safi na yapimwe, ili ijulikane ni kiasi gani kilitoka. Tena yatazamwe: yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, au yakiwa na chembe za chuma, yametoa habari ambayo mwenye gari astahili kuambiwa.

Sasa vitu hufunguliwa kwa zamu: betri na sahani yake, kisafisha hewa, kebo ya gia, soketi za waya, mipira ya mafuta iendayo kwenye rejeta, stata, na shafti mbili za magurudumu. Kila waya utiwe alama, kila bolti iwekwe pamoja na wenzake, maana bolti za giaboksi hazina urefu mmoja, na ndefu ikitiwa mahali pa fupi hupasua aluminiamu. Injini nayo ishikwe kutoka juu kwa chuma kinachokingama kutoka upande hadi upande wa boneti. Jambo hili wengi hulisahau. Giaboksi ni mmoja wa miguu ya injini. Ukiuondoa mguu huo, injini huinama au kuanguka.

Kisha zifunguliwe bolti za konvata, moja moja, kupitia tundu dogo, huku mwenzako akiizungusha injini polepole kwa spana. Ni lazima konvata itoke pamoja na giaboksi, ikiwa imefungwa kwa waya au kipande cha chuma isichomoke. Chombo hicho pamoja na mafuta yake ni chuma kizito, nacho hakikushikiliwa na kitu ila kimeegeshwa tu juu ya shafti. Giaboksi ikiinama kidogo, chateleza na kumwangukia aliye chini.

Hapa ndipo ninapogombana na desturi yetu. Katika gereji nyingi, bolti za mwisho zikifika, kijana hulazwa chali juu ya karatasi ya boksi, akakunja magoti, na giaboksi ikamshukia kifuani. Chombo hicho chakaribia uzito wa mtu mzima, kina kingo kali, kimejaa grisi, na kijana hana nafasi ya kukimbia wala ya kugeuka. Wenzake humsifu kwamba ana nguvu. Namjua kijana mmoja, hajatimiza miaka 20, ambaye giaboksi ilimponyoka namna hiyo ikamvunja mbavu. Mwenye gereji alimpa nauli ya kurudi kwao, na kesho yake kijana mwingine akalala juu ya boksi lile lile. Sifa ya nguvu haikumlipia dawa.

Kipo chombo cha kazi hii, jeki pana yenye sahani na mnyororo wa kuifunga giaboksi. Bolti mbili za mwisho zisifunguliwe mpaka giaboksi imekaa juu ya sahani na mnyororo umekazwa. Halafu ivutwe nyuma kwa unyofu, ishushwe polepole, wala asiwepo mtu chini yake.

Kuirudisha ni kazi ngumu zaidi kuliko kuitoa, na hapa ndipo fedha za watu hupotea. Ikiwa giaboksi nyingine imenunuliwa, tuseme Kisekka, basi mabomba na rejeta ya mafuta yasafishwe kwanza. Zile chembe za chuma zilizoiua giaboksi ya kwanza bado zimo humo, zangoja kuiua ya pili. Sili za shafti zitiwe mpya, na sili ya nyuma ya injini itazamwe, kwani kuifikia siku nyingine kwataka kazi hii yote tena.

Sasa konvata. Naomba wadogo zangu wanaofikiria ufundi washike maneno haya hata kama watayasahau mengine yote. Konvata huingizwa katika giaboksi kwa kuisukuma taratibu na kuizungusha. Hushuka hatua kwa hatua, mara mbili au tatu, na kila hatua waisikia mkononi, maana ndani sharti ishikane na shafti zaidi ya moja na tena na meno ya pampu ya mafuta. Hatua ya mwisho ndiyo ya pampu, nayo ndiyo inayokosekana kwa mwenye haraka. Fundi mwangalifu hulaza rula juu ya mdomo wa giaboksi, akapima konvata imeingia ndani kiasi gani, akalinganisha na kipimo cha kitabu.

Giaboksi ikipandishwa, uso wake uukute uso wa injini pande zote kwa kusukumwa na mkono tu. Ukiona mwanya umebaki, usiufunge kwa bolti. Irudishe nyuma, utafute sababu. Ikiisha kukutana, jaribu kuizungusha konvata kwa kidole kupitia tundu lile. Sharti izunguke bila kukwama, na kuwe na nafasi ya milimeta chache kabla haijavutwa mbele kufungwa kwenye sahani ya injini. Kama imebanwa na haizunguki, konvata haikuingia. Anayekaza bolti hapo kwa nguvu huisukuma konvata juu ya pampu, na pampu huvunjika papo hapo au injini inapowashwa mara ya kwanza. Kisha mwenye gari huambiwa kwamba giaboksi aliyoinunua ilikuwa mbovu tangu huko ilikotoka. Mara ngapi maneno hayo yamesemwa, na hali kosa lilikuwa la robo saa ya kupima!

Neno la mafuta nalo si dogo. Premio nyingi za miaka 2001 hadi 2007 zina giaboksi ya gia nne itumiayo mafuta ya Toyota ya aina ya T-IV. Nyingi za toleo lililoanza mwaka 2007 zina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za hatua bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na mafuta yake ni mengine kabisa. Jina la gari ni moja, lakini mafuta ya moja ni sumu kwa nyingine. Atakayekuambia kwamba mafuta mekundu yote ni sawa, mshukuru kwa shauri lake, kisha ufungue kitabu.

Mwisho, injini isiwashwe kabla ya mafuta kutiwa. Siku ya kuwasha, asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Dereva akanyage breki, apitishe mkono wa gia polepole kila mahali, kisha mafuta yapimwe tena yakiwa na joto linalotajwa na kitabu. Tena ajaribu kama stata inaitika katika P na N peke yake. Ikiitika katika D, kebo au swichi haikurudishwa sawasawa, na gari hilo laweza kuruka mbele siku mwenyewe asiyotazamia.

Najua nitajibiwa. Wengine watasema vyombo hivi ni ghali. Ni kweli jeki ya giaboksi si ya bei ndogo. Lakini stendi mbili ni rahisi kuliko giaboksi moja iliyovunjika pampu, na gereji nne tano zilizo jirani zaweza kuchanga na kununua jeki moja, wakaitumia kwa zamu. Huchangia harusi, huchangia msiba. Kwa nini wasichangie chombo cha kuzuia msiba? Wengine watasema wazee wao walifanya hivi na hawakufa. Wanaosema hivyo ni wale waliosalimika. Waliovunjika hawapo gerejini kutoa ushahidi. Tena sheria ya usalama kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri awalinde watu wake, na sheria ya kazi ya mwaka huo huo yakataza mtoto kupewa kazi ya hatari. Wala sheria hizo hazikuandikwa kwa viwanda vikubwa tu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa ndugu zangu wanafunzi wa zamani wenye magari: upelekapo gari lako, usiulize kwanza litakwisha saa ngapi. Uliza stendi ziko wapi. Kama hakuna, ondoa gari lako, maana fedha zako ndizo zinazomlaza kijana wa watu mahali pale. Na fundi akikuambia kazi yataka siku mbili, usimtake aimalize kwa moja.

Kwa wadogo zangu mtakaoingia gerejini: mwanagenzi hana sauti kubwa, nalijua hilo, na heshima kwa fundi mkuu ni jambo jema. Lakini waweza kusema kwa adabu, "Mzee, naomba nilete stendi kwanza." Ukikataliwa, ufundi si wa gereji moja tu, na mbavu hazina vipuri Kisekka.

Kwa shule yetu: mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 watutaka tujifunze kwa kutenda. Basi na tutende. Giaboksi moja mbovu, iliyokatwa ubavu na kuwekwa juu ya meza, yaweza kuwafundisha wanafunzi 40 jinsi konvata inavyoingia, na fizikia ya mafuta na nguvu isomwe hapo hapo. Stendi mbili na rula moja zikae kando yake. Atakayetoka hapa awe daktari, karani au makanika, atakuwa amejua kwamba kazi ya mikono yahitaji kupimwa kama kazi ya kalamu, na kwamba aliye chini ya gari ni mtu, ana mama yake anayemngoja jioni.